Kuta za Mbao Nilizozizeesha Kariakoo

Vijana wa karakana, mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani. Niliwashukuru na bado nawashukuru, ingawa sijui kwa nini mtu akistaafu hupewa saa, wakati ndipo hana tena pa kuwahi. Pale mlangoni mkaniambia, "Bibi Mwanaidi, tuandikie siri zako za kuta." Siri sina. Kila nilichokijua nilikisema kwa sauti, tena mara nyingi kuliko mlivyopenda. Lakini nimekaa nyumbani Ilala wiki tatu sasa, ukuta wa sebule nimeupaka rangi mara mbili bila sababu, na wajukuu wameniomba niuache. Basi naandika.

Habari za vyeo msizitafute humu. Karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: Fundi, na asiyekuwa Fundi. Nitaandika juu ya miaka ya hamsini, maana huko ndiko nilikojifunza kazi yote. Miaka iliyofuata nilikuwa nakumbuka tu, huku mikono ikitembea.

Na kwa kuwa karatasi hizi huenda zikaangukia mtu wa nje, nieleze kidogo. Sisi tulikuwa watu wa vinyumba. Mhandisi au mfanyabiashara alituletea mchoro, nasi tukamtengenezea jengo dogo la kuweka mezani, ili asiyejua kusoma michoro aone kwa macho yake kitakachojengwa au kilichopo tayari. Futi moja ya mtaani, mezani kwetu ilikuwa robo inchi. Mlango wa kumpitisha mtu mzima, sisi tuliupitisha kidole gumba. Fundi Naran ndiye aliyekata mbao na kuunda. Mimi nilipaka rangi. Na katika rangi, kazi yangu hasa ilikuwa kuta za mbao: kuzifanya zionekane zimekaa juani na mvuani miaka ishirini, ilhali zilizaliwa Jumatatu. Kazi hiyo tuliiita kuzeesha.

Niliipata kwa mlango wa nyuma. Baba yangu, Mzee Shomari, alikuwa akipaka rangi mikokoteni ya sokoni Kariakoo. Alichora mistari myekundu ubavuni na jina la mwenye mkokoteni, na hakuna aliyeandika herufi nzuri kama zake. Mkono ukaanza kumtetemeka. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimeachika, nimerudi nyumbani, nikawa namalizia mikokoteni uani, nyuma ya ua wa makuti, ili wateja wasijue. Fundi Naran, Mhindi seremala mwenye karakana upande wa Mnazi Mmoja, akaja kuchukua mkokoteni wake wa kubebea mbao. Akauzunguka. Akainama kuutazama mstari mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mzee Shomari," akasema, "naona mkono wako umepona."

Baba hakuwa mtu wa kudanganya. "Mkono wangu uko uani," akajibu, "unafua."

Nikaitwa. Nilitoka na povu hadi kwenye viwiko. Fundi Naran aliniuliza kama naweza kuchora mstari mwembamba kuliko ule. Nikamwambia naweza, nikiwa sijui mwembamba kiasi gani. Wiki iliyofuata nilianza kazi. Majirani walisema sana, mwanamke kushinda karakana ya seremala. Mama yangu akawajibu kwamba karakana ina milango miwili na yote iko wazi, anayetaka kuchungulia akachungulie. Wachache walikuja kweli. Waliona mwanamke ameinamia kibanda kidogo, wakachoka, wakaenda zao.

Siku ya kwanza Fundi alinipa ukuta wa mbao wa urefu wa kiganja na kusema, "Paka ukuta wa ghala la zamani." Nikachanganya rangi ya kahawia, nikapaka mara mbili, nikasugua kwa msasa laini, nikapaka ya tatu. Ulikuwa unang'aa. Nilimpelekea huku nikijizuia kutabasamu.

Akaugeuza huku na huku. "Umepaka meza," akasema.

Alivaa kofia yake akanitembeza hadi njia ya bandarini, tukasimama mbele ya ghala moja kuukuu la mbao. "Rangi gani?"

"Kahawia, Fundi."

"Tazama."

Nikatazama. Jua lilikuwa kali. Kuli mmoja mwenye gunia begani akatupita, akarudi mikono mitupu, akatupita tena, akashindwa kuvumilia. "Jamani, mnamngoja nani hapo?"

"Tunautazama ukuta," Fundi akamjibu.

"Haya. Ukisema kitu mniite."

Tulisimama hadi kivuli cha paa kikashuka. Na kweli ule ukuta ulianza kusema. Juu kabisa, chini ya paa, mbao zilikuwa bado na ukahawia wao, kwa sababu jua halikufika. Katikati zilikuwa za kijivu, kijivu chenye weupe kama majivu ya mkaa. Chini, hadi usawa wa goti, zilikuwa na madoa ya matope yaliyorushwa na matone ya mvua. Chini ya kila msumari palikuwa na mchirizi mweusi wa kutu. Mbao mbili zilikuwa za manjano, mpya, na mchwa walikuwa wamekwisha kuziona. Nilipomwambia yote hayo, Fundi aliitikia kwa kichwa. "Usiweke doa kabla hujajua limetoka wapi," akasema, na tukarudi. Hayo ndiyo mafunzo yangu yote. Nyinyi mlipelekwa chuo miaka miwili. Mimi nilisimamishwa juani alasiri moja.

Sasa vifaa, maana najua ndivyo mnavyovitafuta. Kuta tulizikata kwenye mbao nyembamba za masanduku ya chai, yale yaliyotupwa nyuma ya maduka ya jumla. Mistari ya kutenganisha ubao na ubao nilichora kwa sindano ya kushonea magunia, kwa rula ya chuma. Kisha nilipitisha brashi ya waya kufuata nyuzi za mbao, polepole, hadi nyuzi zisimame. Ukipitisha kinyume na nyuzi umeharibu, tupa.

Kijivu hakikutoka kwenye kopo. Nilichukua misumari yenye kutu, nikailoweka kwenye siki ndani ya chupa, nikaiacha wiki nzima. Ukuta niliupaka kwanza chai ya rangi iliyochemka sana, bila sukari, ukakauka, halafu nikapitisha maji ya misumari juu yake. Mbao hugeuka kijivu mbele ya macho yako, na kila ubao hugeuka kwa namna yake. Hakuna rangi ya dukani itakayokupa hivyo. Harufu yake ni mbaya, nakubali. Fundi alikuwa akila chakula chake nje.

Rangi iliyobanduka ilikuwa kazi nyingine. Ukuta wa kijivu ukishakauka, uloweshe kidogo, nyunyizia chumvi pale unapotaka rangi iwe imeanguka, paka rangi juu, ikauke, kisha ifute chumvi kwa kidole. Rangi hutoka pamoja nayo, na kingo zake huwa zimechanika kama za kweli. Siku moja chumvi iliisha nikatumia sukari. Ilifanya kazi vizuri mno. Asubuhi yake tulikuta sisimizi wamejipanga kutoka mlangoni hadi mezani, wamekwisha kula duka zima la upande wa kulia, na Fundi akaniuliza kama hao nao nimewapaka kwa kipimo.

Mwaka wa tatu mkono wangu ulikuwa umejua. Nasema bila haya: hapakuwa na mtu mjini aliyezeesha ukuta kunishinda. Tulitengeneza maghala ya bandarini, nyumba mpya za Upanga, stesheni ndogo za reli. Wateja walikuwa wakigusa kuta kwa kucha kuhakikisha kama ni mbao mpya. Na kwa hiyo, ilipokuja ile kazi ya uchochoro, niliingia nayo nikiwa na kichwa kikubwa.

Uchochoro wenyewe ulikuwa nyuma ya soko la Kariakoo. Ulikuwa na nyumba sita za mbao zilizoshikana, maduka mbele, vyumba nyuma. Wakala wa kampuni moja ya maghala, Mzungu mwenye Kiswahili cha kuamrisha tu, alitaka kiwanja kile. Maombi yake yalikuwa yaamuliwe na kamati ya mji, na yeye akataka kuipelekea kamati modeli mbili: ya uchochoro jinsi ulivyo, na ya ghala jipya. Fundi akanituma nikatazame kuta.

Nilikwenda siku tatu na daftari. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mama Anande, mjane wa Kichaga aliyeuza ndizi na maharage kwa jumla. Kuta zake zilikuwa za buluu. Aliponiona nimesimama kwenye jua nikiandika, alinitolea kigoda na kikombe cha chai.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Unaandika nini?"

"Rangi ya ukuta wako."

Alicheka. "Ni buluu. Ungeniuliza ningekwambia." Kisha akaniambia kwamba mbao zile ni za kutoka msitu wa kwao Kilimanjaro, marehemu mume wake alizisafirisha kwa treni na kuzipigilia mwenyewe, na kwamba yeye huzipaka rangi upya kila mwaka kabla ya masika. Alibisha hodi ukutani kwa vifundo vya vidole. "Sikiliza. Gumu."

Nikazeesha nyumba zile sita kama nilivyoziona. Ya kwanza ilikuwa mbovu kweli, mchwa wameila miguu. Nyingine zilikuwa zimepauka, zimechubuka, zimesimama. Ya Mama Anande ilikuwa ya buluu, imefifia kidogo upande wa jua.

Wakala alikuja kuangalia. Aliitazama modeli kwa muda mrefu, mikono nyuma. "Nyumba hizi nzuri mno," akasema. "Nataka mbaya. Zote. Mbao zimeoza. Fanya oza."

Nikamtazama Fundi Naran. Fundi akatazama patasi yake. Wakala alipokwisha kutoka, Fundi akasema, "Mteja ndiye anayetaka."

Ningeweza kukuandikieni hapa kwamba nilikataa, na hakuna ambaye angenibishia, maana wote waliokuwepo wamekwisha kufa. Sikukataa. Na si kwamba niliogopa. Nilifurahi. Nilikuwa sijawahi kuozesha safu nzima ya nyumba, na nilitaka kujua kama naweza. Kwa siku nne nilitoboa mbao kwa sindano, nikamega ncha za chini kwa tupa, nikapindisha nyingine kwa mvuke wa birika hadi zikaachana na misumari. Niliweka ukungu wa kijani kwa poda ya chaki na rangi kidogo. Buluu ya Mama Anande niliibandua kwa chumvi hadi ikabaki vipande vipande, kama ngozi ya mtu mwenye choa. Nilipomaliza nilirudi hatua mbili nyuma, nikajisifu. Ilikuwa kazi bora niliyowahi kufanya.

Kamati ilikaa asubuhi moja ya masika, katika ukumbi si mbali na Mnazi Mmoja. Mimi na Fundi tulikwenda na modeli, kwa sababu vinyumba vikibebwa huvunjika, na mtu lazima awepo na gundi. Modeli ziliwekwa kwenye meza ndefu. Wajumbe walikaa upande mmoja, na watu wa uchochoroni wakaruhusiwa kusimama nyuma, wamelowa hadi magotini. Mwenyekiti alikuwa Mzungu mzee aliyekaa bara miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa na vumbi la huko, lakini kilieleweka.

Wakala alisimama akaonyesha kwa fimbo. Alisema mtaa ule ni hatari, mbao zimekwisha, siku yoyote zitaangukia watu. "Mabwana hawana haja kwenda kwenye matope," akasema. "Kila kitu kiko hapa mezani." Wajumbe wakainama kutazama. Mmoja akaweka miwani. Nikaona wanatikisa vichwa kwa huruma, na ile huruma ilikuwa ni kazi ya mikono yangu.

Mwenyekiti akauliza kama wenye nyumba wana neno. Mama Anande akasogea mezani. Aliinama, akatafuta, akahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu. Akagusa dirisha kwa ncha ya kidole.

"Dirisha ni langu," akasema mwisho. "Mlango ni wangu. Lakini ukuta huu umeoza lini?" Hakumwuliza mwenyekiti. Alikuwa ameinua kichwa na kuniona nimesimama kando ya meza na chupa yangu ya gundi. "Mwanangu, si ulikunywa chai ukiwa umeuegemea? Umeoza lini?"

Nimewahi kujikata kidole kwa wembe hadi mfupani, na sikusikia vile nilivyosikia siku ile. Nilimtazama Fundi. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaweka chupa chini.

"Haujaoza," nikasema.

Wakala akageuka. Mwenyekiti akauliza, "Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyepaka, bwana. Ukuta huo nimeuozesha mimi, kwa chumvi na sindano. Nyumba ya kwanza ni mbovu kweli. Hizo tano nyingine si mbovu. Niliambiwa nizifanye mbovu, nikazifanya."

Wakala akasema maneno mengi kwa Kiingereza, kwa haraka. Mwenyekiti akanyanyua kiganja. "Mimi sasa nitajua vipi? Jana umesema hivi kwa rangi, leo unasema vile kwa mdomo."

Lilikuwa swali la haki, na kwa bahati lilikuwa la kazi yangu. "Bwana, ubao uliooza hupokea kisu. Ubao mzima hukikataa. Kuna mwendo wa dakika kumi kutoka hapa. Chukua kisu ukajaribu mwenyewe."

Mjumbe mwenye miwani alicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alisimama, akavaa koti la mvua, akatoka, na wote tukalazimika kumfuata. Hebu fikirini: wajumbe, wakala na fimbo yake, wauza maharage, Fundi Naran na mimi, tumejipanga kwenye matope ya Kariakoo, na wachukuzi wa sokoni wakituuliza nani amefariki.

Mwenyekiti akatoa kisu cha mfukoni. Nyumba ya kwanza kisu kiliingia hadi mpini, akakivuta kikatoka na unga. Ya pili kikaingia kidogo, kikagoma. Ya tatu, ukuta wa buluu, alikisukuma kwa mkono mmoja, kisha kwa mikono miwili, na ncha ikapinda. Akaiinua ile ncha machoni. Mama Anande alikuwa amesimama mlangoni mwake na mikono kiunoni.

"Mbao hizi za wapi?" mwenyekiti akamwuliza.

"Za kwetu," akasema.

Akajaribu zote. Uamuzi ulitoka baada ya siku chache: nyumba ya kwanza ibomolewe na mwenyewe apewe nafasi ya kujenga upya, tano zibaki. Kampuni ilipata kiwanja pengine, na ghala lao lilijengwa huko. Watu wa uchochoroni waliishi pale miaka mingi baadaye.

Msidhani nilirudi karakana nikiwa shujaa. Fundi Naran hakusema nami siku tisa. Siku ya kwanza tu alisema, "Umenivua nguo mbele ya watu," na baada ya hapo nikawa napewa kazi kwa kuonyeshwa kidole. Alikuwa na haki ya kukasirika. Sikumwuliza, sikumwonya, nilisimama nikasema kitu ambacho kingeweza kuifunga karakana yake, na nyumbani alikuwa na watu wanaomtegemea. Nilikwisha kumwambia baba kwamba huenda nikarudi kwenye mikokoteni.

Siku ya kumi alileta ile modeli ya uchochoro, ambayo wakala alikuwa ameitelekeza ukumbini. Akaikalisha mezani kwangu, akabandua kuta moja baada ya nyingine kwa patasi nyembamba, taratibu, bila kuvunja hata moja. Akakata mpya. Akazipanga mbele yangu.

"Paka upya," akasema. "Kama zilivyo."

"Za nani, Fundi? Hakuna mteja."

"Zangu." Akavuta kigoda akakaa, jambo ambalo hakulifanya saa za kazi. "Pale ukumbini, yule mama alipouliza, neno lilinifika hapa." Akagusa koo. "Nikawa nangoja mtu mwingine alitoe. Ukalitoa wewe. Siku tisa nimekukasirikia kwa hilo."

Nikafungua chupa ya maji ya misumari. Kwa mara ya kwanza hakutoka nje kwa ajili ya harufu. Tangu siku hiyo, mteja aliyetaka ukuta uwe mbovu au mzuri kuliko ulivyo, Fundi alimpa chai na kumsindikiza mlangoni. Wateja wawili tuliwapoteza. Kisha ofisi ya yule mwenyekiti ikaanza kutuletea kazi, na waliobaki wakafuata, kwa sababu walitaka modeli ambayo hakuna atakayeichoma kisu.

Masika yakapita. Siku moja mchana Mama Anande akaingia karakana na kikapu cha ndizi. Nilisimama nikamwamkia, nikiwa bado sijui nimtazame usoni au wapi. Alikaa, akaniomba nimtengenezee nyumba yake.

"Ya kupeleka wapi, mama?"

"Kilimanjaro. Kwa mama mkwe wangu. Ni mtu mzima sana, hawezi safari ya treni. Mwanawe alimwacha miaka kumi na tano akaja kuishi huku, akarudishwa kwenye jeneza. Kila nikienda ananiuliza, alikuwa anaishi wapi? Namwambia nyumba ya mbao, ya buluu. Anasema, ndiyo, lakini wapi?"

Nilirudi uchochoroni na daftari. Safari hii nilikwenda polepole. Na hapo karibu na mlango, upande wa kulia, nikaona kitu ambacho mara ya kwanza kilinipita kabisa, kwa sababu nilikuwa nikihesabu misumari na mistari. Palikuwa na sehemu ya ukuta ambayo haikuwa na rangi mpya. Buluu yake ilikuwa ya zamani, imekwisha hadi kwenye mbao, na mbao zenyewe zimekuwa laini, zina weusi wa mafuta, zinang'aa. Upana wa mgongo wa mtu.

"Hapo alikuwa anakaa jioni," Mama Anande akasema nyuma yangu. "Na kiti chake kifupi. Nikipaka ukuta napazunguka."

"Nipaweke?"

Alifikiri. "Weka kama palivyo."

Ilinichukua siku moja kupaka nyumba nzima na siku mbili kupaka mgongo ule. Kwa kipimo chetu haukuzidi ukucha wa kidole kidogo. Nilipaka buluu, nikaisugua kwa kidole changu mwenyewe, kavu, mamia ya mara, hadi ikaondoka yenyewe. Kisha tone la mafuta ya taa na masizi, nikasugua tena. Brashi haiwezi kazi ile. Fundi Naran alitazama akiwa amesimama, kisha akaenda kutengeneza sanduku la kusafirishia na kulijaza pamba.

Mama Anande alikwenda kwao Krismasi. Aliporudi alikuja moja kwa moja karakana, hata mizigo hajaipeleka nyumbani, na akatusimulia huku amesimama.

Alisema walimwekea mama mkwe wake ile nyumba mapajani. Watoto wakamzunguka, wakamwonyesha dirisha, wakamwonyesha paa la bati, wakamfungulia mlango kwa ukucha. Yeye hakutazama mlango. Macho yake hayaoni sana, alikuwa anaitazama kwa vidole. Akapapasa ukuta wa mbele, ubao baada ya ubao, mbao za msitu wa kwao, hadi akafika upande wa kulia, mahali palipokuwa laini. Kidole kikasimama. Kikarudi. Kikapapasa tena palepale.

"Akauliza, 'Alikuwa anakaa hapa?'" Mama Anande akasema. "Nami sikuwa nimemwambia."